Sura ya Tano: Mwaka wa Mizani

Kijana anayemaliza kidato cha nne kati ya Shinyanga na Geita hakosi pa kwenda. Matokeo yakiwa mazuri na ada ikapatikana, ataendelea na masomo. Yakiwa mabaya, au yakiwa mazuri huku pamba ya nyumbani haijalipwa, machimbo yapo. Machimbo hayaulizi cheti wala hayana fomu ya kujiunga. Mwenye nguvu za kuvuta kamba na kubeba kiroba hupokelewa asubuhi, na jioni anakula. Tena kila baada ya muda, mtu uliyekaa naye dawati moja hurudi kijijini na pikipiki mpya, akamwezekea mama yake nyumba ya bati, na usiku ule kaya nzima hurudia swali lilelile: shule ina faida gani?

Swali hilo ni la haki, na halistahili kujibiwa kwa methali. Wazazi wanaoliuliza wameuza ng'ombe kulipa ada, na wameona vijana wenye vyeti wakirudi kukaa kijiweni. Nimekulia ndani ya mjadala huo, upande wa Kahama, katika familia ya wakulima wa pamba na mpunga yenye wajomba wachimbaji. Jibu langu sikulipata kwenye hotuba ya mtu. Nililipata katika mwaka mmoja, kuanzia Oktoba 2018 hadi katikati ya 2019, nilioutumia kusoma cheti cha mambo ya ushirika na hesabu pale Kizumbi, kisha nikaumalizia kwa mafunzo kwa vitendo katika machimbo ya Geita.

Ninachoamini baada ya mwaka ule ni hiki: katika nchi ambayo kila jasho hupita kwenye mizani kabla ya kugeuka fedha, iwe pamba, mpunga, almasi au dhahabu, mtu anayejua kupima na kuandika alichopima ana kitu ambacho bahati haiwezi kumpa wala kumnyang'anya. Asiyejua, wengine watampimia. Chuo kikimpa kijana uwezo huo kimefanya kazi yake, hata kama amekaa hapo mwaka mmoja tu.

Daftari la geto

Kizumbi ni kata iliyo pembezoni mwa mji wa Shinyanga. Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, kilichoanza mwaka 1963 kama Chuo cha Ushirika na kupata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka 2014, kina tawi lake hapo. Darasani tulichanganyika: makarani wa vyama vya msingi vya pamba, wafanyakazi wa SACCOS waliotumwa na ofisi zao, na wasichana kama mimi ambao hawakuwahi kumiliki hata kikokotoo.

Mikopo ya elimu ya juu wakati ule ilikuwa ya wenzetu wa shahada. Bodi ya Mikopo ilikuja kufungua mlango kwa baadhi ya kozi za stashahada katika mwaka wa masomo 2023/24. Kwetu sisi wa cheti, bumu lilikuwa neno la kusikia. Ada ililetwa vipande vipande: kipande mpunga ukivunwa, kipande mnada wa ng'ombe ukichangamka. Chakula kilikuja na basi kutoka nyumbani, gunia la michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga zake, unga na dagaa. Tulipanga geto moja wasichana wanne, jiko moja la mkaa, ndoo mbili za maji, na kitanda ambacho zamu yake iligombaniwa.

Mgogoro wetu wa kwanza ulihusu fedha. Kulikuwa na mwenzetu mmoja, mpole, ambaye sote tuliamini hachangii. Hatukuwahi kumwona akishusha gunia la mkaa wala kununua unga wa kutosha wiki. Manung'uniko yalianza chinichini, yakawa maneno ya mezani. Mkubwa wetu, dada aliyewahi kuuza duka la pembejeo huko Bariadi kabla ya kuja chuo, alinunua kaunta buku, akaichora mistari: tarehe, kitu, aliyenunua, kiasi, jumla. Akaitundika kwa kamba pembeni ya dirisha na kusema kila kitu kiandikwe, hata kiberiti.

Mwisho wa mwezi tulikaa chini tukajumlisha. Yule mpole ndiye aliyekuwa amechangia kuliko sisi wote. Kila siku alirudi na kitu kidogo: nyanya, chumvi, sabuni ya kufulia, mafuta ya kupima, vocha ya umeme ulipokatika usiku. Macho yetu yaliyaona magunia ya mkaa kwa sababu ni makubwa na huja mara moja kwa mwezi. Hayakuviona vitu vilivyoingia kimyakimya kila jioni. Tulimwomba radhi, naye akacheka, lakini mimi nililala nikiwaza. Tulikuwa watu wanne wenye akili timamu tunaoishi chumba kimoja, na bado kumbukumbu zetu zilikuwa zimetudanganya kwa mwezi mzima juu ya jambo lililofanyika mbele yetu.

Tangu siku hiyo masomo yalibadilika kwangu. Mpaka hapo nilikuwa nikijifunza hesabu kama mtu anayekariri sala ya dini isiyo yake. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, na madesa tuliyonunua stesheneri yalikuwa ya Kiingereza pia. Usiku kwenye diskasheni tuliyageuza kuwa Kiswahili, na mahali pagumu zaidi tukashuka hadi Kisukuma, mpaka kila mmoja aweze kumweleza mwenzake bila kuangalia karatasi. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba urari wa hesabu ni swali la kawaida ambalo mama yangu huliuliza kila jioni sokoni: kilichotoka na kilichoingia vinakubaliana? Tofauti ni kwamba mwanafunzi wa hesabu hulazimika kulijibu kwa maandishi, mbele ya mtu mwingine, na jibu lake likakaguliwa.

Kukaguliwa ndiko kulikonikuza. Sekondari nilisoma ili nipite mtihani, na nilikaa kimya. Chuoni mwalimu alikuwa anamwita mwanafunzi mbele, anamwambia aandike jibu ubaoni, kisha anawageukia wengine: “Mnakubaliana naye?” Mara ya kwanza kusimama nikamwambia mwanaume mwenye umri wa baba yangu kwamba safu yake ya pili haijafunga, sauti ilinitetemeka. Alirudia kujumlisha, akaniambia, “Uko sahihi, binti,” akafuta. Hakuna aliyekasirika. Kwetu mtoto wa kike hampingi mtu mzima, na malezi hayo nayaheshimu hadi leo. Lakini namba ilinipa njia ya kusema ukweli bila kumvunjia mtu heshima, kwa kuwa aliyempinga hakuwa mimi. Zilikuwa hesabu zake mwenyewe.

Karani aliyetoka Mwadui

Katika somo la historia ya ushirika ndipo nilipokutana na Paul Bomani. Jina nilikuwa nalijua kama la waziri wa zamani. Sikujua kwamba njia yake ilipita jirani kabisa na tulipokaa.

Bomani alizaliwa Musoma mwaka 1925. Katikati ya miaka ya 1940 alikuwa karani katika mgodi wa almasi wa Mwadui, ule ulioanzishwa na John Williamson mwaka 1940 na ambao mwaka 1947 ulitoa almasi ya rangi ya waridi ya karati 54.5 aliyopewa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza. Kwa kijana wa Kiafrika wa wakati ule, kazi ya ukarani katika mgodi uliokuwa unatajika duniani ilikuwa kazi ya kushikilia kwa mikono miwili. Yeye aliiacha, akaenda Mwanza kuwa katibu wa chama cha ushirika cha wafanyabiashara Waafrika, na kutoka hapo akaingia katika shida ya wakulima wa pamba wa Usukuma.

Shida ya wakulima hao ilikuwa mzani. Mkulima alifika kwa mnunuzi na mzigo aliouchuma kwa mikono ya familia nzima. Mnunuzi akaupima kwa mzani wake, akasoma namba mwenyewe, akalipa. Mkulima alihisi anapunjwa, ila hisia haina risiti. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima walichukua hatua iliyokuwa rahisi na kubwa kwa pamoja: wakaweka wapimaji wao wenyewe kuhakiki uzito wa pamba kabla haijauzwa. Kutokana na wapimaji hao na vikundi vilivyowazunguka kikakua chama cha wakulima wa Jimbo la Ziwa, na Bomani akawa mmoja wa viongozi wake wakuu.

Mwaka 1953 alikwenda Uingereza, katika chuo cha ushirika cha Loughborough. Alirudi mwaka 1954. Mwaka uliofuata, Shirikisho la Vyama vya Ushirika vya Victoria likaundwa naye akawa meneja mkuu. Kufikia miaka ya uhuru shirikisho hilo lilikuwa linashughulikia pamba ya jimbo zima, na lilitajwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika barani Afrika. Bomani mwenyewe aliingia serikalini mwaka 1960, na mwaka 1962 akawa Mwafrika wa kwanza kuongoza Wizara ya Fedha ya Tanganyika.

Nilimtafakari sana mtu huyu wakati ule, hasa mwaka wake wa Loughborough. Chuo hakikumpa ujasiri, kwa kuwa alikwisha kuwa nao kabla hajapanda meli au ndege. Wala hakikuwaamsha wakulima, maana walikwisha kuanza kupima pamba yao yeye akiwa bado hapa. Lakini kukagua mzani wa mnunuzi ni kazi moja, na kununua, kuchambua na kuuza pamba ya jimbo zima ni kazi nyingine kabisa. Hiyo ya pili inahitaji vitabu vinavyofunga, ukaguzi, mikopo, na watu wanaoaminiana kwa sababu wameonyeshana hesabu. Aliondoka akiwa na swali la watu wake kichwani, na aliporudi alikuwa na zana za kulijibu. Nadhani ndiyo maana mwaka ule ulizaa. Wapo wanaokaa chuoni miaka mitano bila swali lolote wanalolibeba, wakatoka na karatasi.

Duara, karasha na marudio

Mafunzo kwa vitendo yalinipeleka kwa kikundi cha wachimbaji wadogo jirani na Lwamgasa, kusini mwa mji wa Geita. Nilipita njia ya Kahama na Kakola, barabara inayopakana na mgodi wa Bulyanhulu, ambako kwa upande mmoja unaona uzio na mitambo ya mgodi mkubwa, na kwa upande mwingine vijana wenye sururu. Mwenyekiti wa kikundi alinipokea kwa ukarimu. “Karibu, mayu. Wewe ndiye msomi tuliyeletewa?” Nikamwamkia, akaitikia, kisha akanikabidhi daftari lililovimba kwa matope. “Basi anza na hili.”

Nilianza kwa kutazama kazi, kwa maana huwezi kuandika hesabu za kitu usichokijua. Wachimbaji hushuka duarani, yaani ndani ya shimo la kuchimbia, kwa kamba, na kuta za duara hushikiliwa na matimba, magogo yaliyopangwa kuzuia udongo usiporomoke. Mawe hupandishwa katika viroba, na mgawo hufanyika hapohapo juu kwa viroba: fungu la mwenye leseni, fungu la mwenye duara, fungu la wachimbaji, kwa makubaliano yanayotofautiana toka eneo moja hadi jingine. Kila mwenye fungu huyapeleka mawe yake mwaloni, mahali pa kusagia na kuoshea.

Pale mwaloni mawe hupondwa kisha husagwa kwenye mashine iitwayo karasha mpaka yawe laini kama unga wa sembe. Unga huo huchanganywa na maji na kumiminwa juu ya ubao ulioinamishwa, uliotandikwa kitambaa kizito. Dhahabu, kwa kuwa ni nzito, hunasa kwenye nyuzi, na udongo hushuka na maji. Kitambaa hukung'utiwa ndani ya beseni. Niliyemwona akifanya kazi hiyo alikuwa mama wa makamo mwenye kanga mbili. Alitia zebaki kidogo kutoka kwenye kichupa cha plastiki, akaanza kukanda kwa mikono mitupu, akizungusha beseni taratibu, akimwaga maji ya juu, akikanda tena. Zebaki ilizikusanya chembe za dhahabu zisizoonekana kwa macho. Akaikamua kwa kipande cha nguo mpaka kikabaki kidonge cha rangi ya fedha kisichofika ukubwa wa punje ya mahindi. Kidonge hicho kiliwekwa kwenye moto. Moshi ukapaa, rangi ikageuka taratibu kutoka fedha kuwa njano, na watu wakasogea kutazama.

Moshi ule ni zebaki yenyewe. Huingia mapafuni, hushambulia ubongo na figo, na kwa mama mjamzito humfikia mtoto tumboni. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata unaolenga kupunguza matumizi ya zebaki mwaka 2020, na Shirika la Madini la Taifa, STAMICO, limejenga kituo cha mfano hapohapo Lwamgasa kuwaonyesha wachimbaji namna ya kuchenjua bila zebaki. Bado safari ni ndefu, na mikono inayokanda ni mingi, mingi ikiwa ya akina mama.

Lakini jambo lililonishika zaidi lilikuwa lile tope lililoshuka ubaoni. Linaitwa marudio. Zebaki kwa njia hii mara nyingi haikamati hata nusu ya dhahabu iliyomo kwenye mawe. Inayobaki huondoka na marudio, na kwa desturi ya mialo mingi marudio hubaki kwa mwenye karasha kama sehemu ya malipo ya kusaga. Yeye huyakusanya malundo kwa malundo, kisha huyauza au kuyapeleka kwenye matenki ya sianidi, ambako dhahabu iliyobaki hutolewa. Mchimbaji aliyeingia chini ya ardhi huondoka na kidonge. Rundo linabaki kwa mtu aliyejua kilichomo.

Niliuliza mezani wakati wa chakula kama kuna mtu amewahi kupima marudio ya kikundi. Kimya. Baadaye mwenyekiti alikubali ichukuliwe sampuli ipelekwe maabara. Majibu yaliporudi aliyasoma, akayarudia, akavua kofia. Kikundi hakikutajirika kwa karatasi ile. Kilichobadilika ni mazungumzo na mwenye karasha. Awali walikuwa wakimwomba awafikirie, na sasa walimtajia namba na kumwuliza kusaga kunagharimu kiasi gani hasa. Walifika makubaliano mapya, na mwenye karasha, ambaye kusema kweli hakuwa mtu mbaya, aliyakubali kwa sababu yalikuwa na msingi wa kukubalika.

Mkutano chini ya mwembe

Kazi yangu kubwa ilikuwa kulirudisha lile daftari lenye matope katika hali ya kusomeka. Nilitenganisha kila duara na ukurasa wake: viroba vilivyotoka, mbao za matimba, mafuta ya pampu ya maji, baruti, chakula cha wachimbaji, gharama ya kusaga, gramu zilizopatikana, fedha iliyoingia. Kila mtu kikundini alijua duara gani ni la baraka. Lilikuwa lile lililowahi kutoa mawe ya utajiri, na kwa sababu hiyo ndilo lililoendelea kupewa watu na mafuta. Nilipomaliza kujumlisha miezi iliyoandikwa, ukurasa wake ndio uliokuwa na hasara. Duara lililokuwa likilipa lilikuwa jingine, dogo, lisilosifiwa na mtu, ambalo kila wiki lilitoa kidogo na kutumia kidogo.

Nililazimika kulisema hilo mbele ya wanachama, chini ya mwembe, wengi wao wanaume wa umri wa wajomba zangu. Nilisoma kurasa zote mbili kwa sauti, mstari kwa mstari. Mzee mmoja alisimama. “Duara lile lilinijengea nyumba,” alisema. Nikamjibu, “Ni kweli baba, lilikujengea. Kwa daftari hili, sasa limeanza kuila nyumba hiyo.” Alinitazama, akakaa. Baada ya mkutano alikuja akaniomba nimwonyeshe tena, polepole, kuanzia ukurasa wa kwanza.

Hapo nilimkumbuka yule mwenzetu mpole wa geto. Kilichofanyika Kizumbi juu ya chumvi na viberiti kilikuwa kinafanyika Lwamgasa juu ya dhahabu. Binadamu hukumbuka siku kubwa. Mchimbaji humsimulia mwanawe usiku ule alipopata, na usiku mwingine wote huyeyuka. Daftari haliyeyushi kitu. Linaandika siku ya kupata na siku ya kukosa kwa herufi za ukubwa uleule, na kutoka hapo mtu huona wastani wake. Wastani ndio unaolisha watoto.

Kulikuwa na ukurasa mwingine ambao niliomba uanzishwe, wa majina ya wanaoshuka na saa wanazopanda. Mwaka 2015, huko Nyangalata wilayani Kahama, watu watano walitolewa hai baada ya kufukiwa kwa siku 41, na nchi nzima ililia kwa furaha. Si kila ajali huisha hivyo. Agosti 2025, Nyandolwa mkoani Shinyanga, watu 25 walifukiwa na mgodi uliotitia. Kila ninaposikia habari za namna hiyo nawaza saa za mwanzo, ndugu wanapokusanyika juu ya shimo wakiulizana nani yumo. Orodha ya majina haizuii ardhi kutitia. Inawaambia waokoaji wamtafute nani, na inamhakikishia kila aliye chini kwamba juu yupo mtu anayejua kuwa hajapanda.

Mzani wa Machi 2019

Mwaka wangu wa chuo uliangukia katikati ya mabadiliko ambayo sikuyatarajia. Januari 2019 Rais John Magufuli alikutana na wadau wa madini, na kilio cha wachimbaji wadogo juu ya kodi na masoko kikasikika hadharani. Serikali ikawaondolea kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5. Tarehe 17 Machi 2019, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akafungua soko la dhahabu la Geita, la kwanza nchini, na mengine yakafuata mikoani.

Nilikwenda sokoni hapo na wanachama wa kikundi kuuza. Dhahabu ilipimwa usafi wake, ikawekwa kwenye mzani wa dijitali, na namba ikasomwa na wote: muuzaji, mnunuzi na ofisa wa Tume ya Madini. Bei ilifuata soko la dunia la siku hiyo. Serikali ilichukua mrabaha wa asilimia 6 na ada ya ukaguzi ya asilimia 1, na stakabadhi ikatolewa. Mwanachama mmoja, ambaye kwa miaka alikuwa amewauzia madalali wenye mizani ya mfukoni, aliishika stakabadhi ile kwa muda mrefu, kisha akaikunja na kuiweka kwenye mfuko wa shati upande wa moyo.

Nilipotazama, niliwaona wapimaji wa pamba wa miaka ya 1950. Dawa ilikuwa ileile, mzani unaosomwa na wote. Ila soko hupima kinachofika mezani pekee. Halijui kilichobaki kwenye marudio, wala gharama ya duara linalokula nyumba. Nusu ya kwanza ya hesabu bado iko mikononi mwa mchimbaji mwenyewe, na hakuna waziri wa kuja kumwandikia.

Kinachobaki mgodi ukifungwa

Mmoja wa wanafunzi wenzetu aliacha chuo muhula wa pili, aliposikia mfumuko wa dhahabu umetokea kwao. Aliniandikia kwa simu: “Dada, huku ndiko chuo cha maisha.” Simdharau hata kidogo. Wachimbaji wana elimu yao, nzito na ya kweli. Wanausoma mwamba kwa jicho, wanajua sauti ya udongo unaotaka kuteleza, wanajua kupanga matimba gizani. Miezi kadhaa baadaye tulionana Kahama. Nilimwuliza kama analipwa na ile kazi. Alisimulia mara aliyopata. Nikamwuliza jumla. Hakuwa nayo. Tulikaa kwa mama lishe tukakokotoa kwa kukumbuka, nyuma ya karatasi ya bahasha, na tulipofika mwisho akanyamaza, akasema angependa kujua mapema.

Hilo ndilo linalonifanya niamini kwamba machimbo na darasa havipaswi kuwekwa kama njia mbili zinazogombea kijana mmoja. Migodi ina umri. Mgodi wa zamani wa Geita, uliochimbwa tangu enzi za Waingereza, ulifungwa mwaka 1966, na wenyeji wakangoja hadi mwaka 2000 mgodi mkubwa wa sasa ulipoanza kuzalisha. Buzwagi, pale Kahama, ulianza mwaka 2009 na kusimamisha uzalishaji mwaka 2021. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza mgodi ulipofunguliwa alikuwa hajamaliza kidato cha sita ulipofungwa. Mwamba ukiisha, anayebaki na kitu ni yule aliyekuwa akiandika, akapima, akaweka, akajua ahamie nini.

Kwa hiyo nina maombi matatu. Vyuo vya ukanda huu, vya ushirika, vya ufundi na vya madini, viwapeleke wanafunzi mialoni na kwenye vyama vya msingi mapema, wakiwa bado na muda wa kurudi darasani na maswali waliyoyaokota huko. Vikundi vya wachimbaji viwapokee, na viwape kazi halisi kama nilivyopewa lile daftari la matope. Na kijana aliyekwisha kushuka duarani, awe na miaka kumi na tisa au thelathini na tisa, aanze leo kuandika: tarehe, kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Aandike msimu mzima bila kuruka siku mbaya. Atafika mahali namba zitamuuliza jambo asiloweza kulijibu peke yake, na hapo ndipo kozi ya mwaka mmoja itakapomfaa, maana atakwenda chuoni akijua anachokitafuta.